Mtoto mwenye selimundu alikuwa mzima miezi ya mwanzo: ile damu aliyozaliwa nayo ilikwenda wapi?

MamaWaMbagala ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, naomba maelezo kutoka kwa wenye ujuzi wa baiolojia na tiba. Mwanangu wa pili alizaliwa na kilo 3.2, akanyonya vizuri, akapata chanjo zake zote kwa wakati, na hadi anaanza kukaa bila kushikwa hatukuwahi kumpeleka hospitali kwa lolote zaidi ya mafua. Alipotimiza miezi saba aliamka usiku akilia kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwake. Asubuhi nilipomfunua nilikuta migongo ya viganja vyake imevimba, ngozi imevutika mpaka inang'aa, na vidole vimenenepa kama ndizi za kisukari; nikimgusa kidogo tu anaurudisha mkono kifuani. Zahanati ya kwanza walisema ni malaria wakatupa dawa. Ya pili walisema huenda mtoto ameangushwa na sisi hatutaki kusema ukweli, neno ambalo liliniumiza mno. Ilikuwa baada ya wiki tatu, katika hospitali nyingine, ndipo daktari mmoja kijana alipoitazama ile mikono na kuuliza, kabla hata ya kipimo, kama katika ukoo wetu kuna mwenye siko seli, yaani selimundu. Kipimo kikaonyesha SS, yaani amerithi jeni ya ugonjwa, iitwayo S, kutoka kwa wazazi wote wawili. Mimi na baba yake tukapimwa, na wote wawili ni AS, yaani kila mmoja ana jeni moja ya S na moja nzima. Mtoto sasa ana miezi kumi na minne.

Kinachonisumbua ni ile miezi saba ya uzima. Mama mkwe wangu, ambaye anampenda mjukuu wake kuliko kitu chochote na ndiye anayenisaidia kumlea, anashikilia kwamba mtoto hakuzaliwa na ugonjwa bali aliupata baadaye, kwa sababu ugonjwa wa kuzaliwa nao ungeonekana tangu siku ya kwanza. Nilimweleza alivyosema daktari, yaani kwamba mtoto alikuwa bado anatumia "damu ya tumboni", na damu hiyo ilipokwisha ndipo ugonjwa ulipojitokeza. Akaniuliza damu hiyo ni ipi na ilikwenda wapi, nami sikuwa na jibu.

Aidha, nimesoma kwamba Marekani na Uingereza kuna tiba inayoirudisha damu hiyo kwa kutumia seli shina. Wakati huohuo jirani ameniletea pakiti za unga unaoitwa wa seli shina, wa kuweka chini ya ulimi kila asubuhi, ambao bei yake ya mwezi inazidi mshahara wangu, akiniambia kwamba ni kitu kilekile kinachofanywa Ulaya. Naomba mwenye kujua anieleze, hata kama maelezo yatakuwa marefu. Nilisoma baiolojia hadi kidato cha nne.

MtafitiVinasaba amejibu:

Mama, pole sana kwa yaliyokupata, hasa kwa lile neno la zahanati ya pili. Kuvimba viganja na nyayo ni moja ya dalili za mwanzo kabisa za selimundu kwa mtoto mchanga, na kila mhudumu wa afya katika nchi yetu, ambako watoto takriban 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka, alipaswa kuitambua. Kazi yangu ni maabara, nachunguza seli zinazotengeneza damu, na swali la mama mkwe wako ndilo swali lililowashughulisha wanasayansi wa fani yangu kwa zaidi ya miaka sabini. Tafadhali mfikishie salamu zangu.

Himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni, imeundwa kwa minyororo minne: miwili ya aina ya alfa, na miwili inayotoka katika ukoo mwingine wa jeni ulioko kwenye kromosomu ya 11. Ukoo huo una jeni tano zilizopangwa katika mstari mmoja, na jambo la ajabu ni kwamba zimepangwa kwa mfuatano uleule wa kutumika kwake maishani. Ya kwanza, epsiloni, hutumika katika majuma ya mwanzo kabisa wakati kiinitete kingali kidogo kama punje. Zinafuata gama mbili, ambazo ndizo zinazotengeneza himoglobini ya kijusi kwa muda mwingi wa ujauzito. Kisha ipo delta, ambayo mchango wake ni mdogo, na mwisho wa mstari ipo beta, ambayo ndiyo ya mtu mzima. Himoglobini ya kijusi hushika oksijeni kwa nguvu zaidi kuliko ya mama, na kwa njia hiyo mtoto aliyeko tumboni huweza kuivuta oksijeni kutoka katika damu ya mama yake kupitia kondo la nyuma.

Sasa, kosa la selimundu liko kwenye beta peke yake. Ni herufi moja tu ya vinasaba iliyobadilika, A ikawa T, na matokeo yake kiungo cha sita cha mnyororo wa beta, ambacho kilipaswa kuwa asidi ya glutamiki, kimekuwa valini. Vernon Ingram ndiye aliyelionyesha badiliko hilo la kiungo kimoja akiwa Cambridge, katika taarifa alizotoa mwaka 1956 na 1957. Kwa hiyo mwanao alikuwa na kosa hilo tangu siku mimba ilipotungwa, lakini jeni yenye kosa ilikuwa karibu haitumiki. Jeni za gama hazina kosa lolote, na ndizo zilizokuwa kazini.

Mimi nimekulia Machame, na nikifundisha jambo hili hutumia mfano wa mfereji. Uchagani mfereji mmoja hushuka kutoka juu ya mlima na kugawa maji kwa mashamba mengi, lakini kwa zamu: ukifungulia shamba la juu, la chini linasubiri. Juu ya zile jeni tano kuna kipande cha vinasaba ambacho ndicho chenye nguvu ya kuziamsha, na kipande hicho hujikunja na kuigusa jeni moja kwa wakati mmoja. Tumboni zamu ni ya gama. Kadiri mtoto anavyokaribia kuzaliwa, gama hufungwa pole kwa pole na zamu huhamia kwa beta. Mtoto anayezaliwa kwa wakati huwa bado na himoglobini ya kijusi kiasi cha asilimia 60 hadi 80. Lakini seli nyekundu haziishi zaidi ya miezi michache; zinakufa, na zinazochukua nafasi yake zimetengenezwa katika zamu mpya. Ile damu ya tumboni, basi, haikumwagika wala kuharibiwa na mtu. Ilizeeka kama damu yote inavyozeeka, na iliyokuja baada yake ikajazwa beta, ambayo kwa mwanao ina kosa. Kwa kawaida hilo huanza kuonekana kati ya miezi mitano na mwaka mmoja. Daktari wa watoto Janet Watson aliliona hili Brooklyn, New York, mwaka 1948: alichunguza damu ya watoto wachanga na akakuta seli zinazojikunja kuwa mundu ni chache mno kuliko kwa mama zao, akapendekeza kwamba himoglobini ya kijusi ndiyo inayowakinga.

Jambo moja zaidi kwa ajili ya mama mkwe. Zamu hii haibadilishwi na tendo la kuzaliwa, wala na hewa ya nje, wala na chochote anacholishwa mtoto. Mtoto njiti, aliyezaliwa miezi miwili kabla ya wakati, huendelea na himoglobini ya kijusi kana kwamba angali tumboni, na kubadilika kwake hufuata umri uliohesabiwa tangu kutungwa mimba. Ni saa iliyomo ndani ya seli zenyewe.

MaabaraMwanza amejibu:

Naomba kuongeza kile tunachokiona kwa macho, kwa sababu wazazi wengi huamini zaidi wakionyeshwa. Kuna kipimo cha zamani, kilichobuniwa mwaka 1957 na Kleihauer na wenzake, ambapo damu iliyopakwa kwenye kioo huoshwa kwa asidi na kisha kupakwa rangi. Himoglobini ya mtu mzima huyeyuka na kutoka, ile ya kijusi hubaki. Ukiweka kioo cha damu ya mtu mzima chini ya hadubini unaona maganda matupu, meupe, kama magamba ya dagaa yaliyokauka, yamejaa pembe hadi pembe. Ukiweka cha damu ya kitovu, karibu uwanja wote ni waridi. Na ukiweka damu ya mtoto wa miezi minne unaziona zote mbili pamoja, seli za waridi zimekaa katikati ya maganda, na kila mwezi za waridi zinapungua. Siku ya kwanza nilipokiona kioo cha namna hiyo niliita wenzangu wote waje watazame.

Hapo ndipo utaelewa pia kwa nini asilimia peke yake haitoshi. Mgonjwa anaweza kuwa na asilimia 10 ya himoglobini ya kijusi iliyorundikana katika seli chache, na seli nyingine zote zikawa hazina kinga. Akiwa na kiasi kilekile kimegawanyika katika seli nyingi, hali yake huwa nyingine kabisa. Himoglobini ya kijusi hufanya kazi ndani ya seli iliyomo, kwa kujiingiza kati ya molekuli za himoglobini S, ile yenye kosa, na kuzizuia zisiungane kuwa nyuzi ndefu zinazoikunja seli kuwa mundu. Haiwezi kuisaidia seli ya jirani.

MamaWaMbagala amejibu:

Nawashukuru sana. Nimemsomea mama mkwe jibu la kwanza lote, na mfano wa mfereji ndio uliomgusa, kwani na yeye ni mtu wa Kilimanjaro. Aliuliza swali ambalo nami nikaona ni la haki: ikiwa gama ilifungwa tu wala haikupotea, nani anayeifunga, na kwa nini asizuiwe?

MtafitiVinasaba amejibu:

Bibi ameuliza swali ambalo limezaa tiba, na jibu lake kwa sehemu limetoka Afrika, jambo ambalo hupenda kulisema kila nipatapo nafasi.

Mnamo mwaka 1955 madaktari waliokuwa wakifanya kazi katika nchi inayoitwa sasa Ghana walieleza habari za watu wazima wenye afya njema ambao bado walikuwa na himoglobini nyingi ya kijusi. Mwaka 1958 Jacob na Raper wakaandika kuhusu familia za Uganda zenye hali hiyohiyo. Zamu ya gama haikufungwa kwao, na walirithishana hali hiyo kizazi hadi kizazi. Kilichokuwa na uzito ni kwamba mtu aliyerithi jeni ya S kutoka kwa mzazi mmoja na hali hii kutoka kwa mzazi mwingine hakuugua kama wagonjwa wa selimundu wanavyougua, kwani himoglobini ya kijusi ilikuwa imeenea katika seli zake zote. Basi ilijulikana tangu wakati huo kwamba binadamu mzima anaweza kuishi na gama ikiwa wazi bila kudhurika. Mjamzito mwenye hali hiyo hujifungua watoto wazima. Hakukuwa na sababu ya kuogopa kuifungua. Kilichokosekana ni kumjua mfungaji.

Ilichukua nusu karne. Kati ya mwaka 2007 na 2008 watafiti wa London na wa Sardinia, waliokuwa wakilinganisha vinasaba vya watu wenye himoglobini nyingi ya kijusi na vya wenye kidogo, walikuta alama inayoelekeza kwenye jeni moja katika kromosomu ya 2, iitwayo BCL11A. Mtu asingeitarajia, ilikuwa ikijulikana zaidi kwa wanaochunguza seli nyeupe za damu. Mwaka 2008 kundi la Stuart Orkin huko Boston lilionyesha kwamba ukiipunguza protini ya BCL11A katika seli changa za damu ya mtu mzima, gama inafunguka. Mwaka 2011 kundi hilohilo liliiondoa kwa panya wenye selimundu, na dalili za ugonjwa zikaondoka. Hapa kwetu, mwaka 2014 watafiti waliochunguza wagonjwa wa Muhimbili walitoa taarifa kwamba BCL11A inahusika vilevile na kiwango cha himoglobini ya kijusi kwa Watanzania. Baadaye, mwaka 2018, ikafahamika hata mahali inaposhika: kuna herufi chache za vinasaba mbele tu ya jeni za gama, na protini hiyo hukaa juu yake kama ubao unaokingwa mdomoni mwa mfereji.

Kwa nini basi tusiuondoe ubao huo mwilini kote? Kwa sababu ubongo unaokua unaihitaji BCL11A, na seli nyeupe zinazotengeneza kingamwili zinaihitaji, na hata seli shina za damu zenyewe hudhoofika zikiikosa. Wapo watoto wachache duniani waliozaliwa na nakala moja tu inayofanya kazi. Himoglobini yao ya kijusi hubaki juu, lakini wanachelewa katika ukuaji wa akili na lugha. Mwili, kama fundi mwenye zana chache, hutumia zana moja kwa kazi nyingi, na ndiyo maana katika somo la jeni za ukuaji swali la mahali na wakati jeni inapotumika huwa na uzito sawa na swali la jeni yenyewe ni ipi.

Mwaka 2013 Daniel Bauer, Orkin na wenzao waligundua, katikati ya jeni ya BCL11A, kipande kinachofanya kazi kama swichi, tena swichi ya chumba kimoja: huiwasha jeni hiyo katika ukoo wa seli nyekundu, na ukiiharibu, ubongo na seli nyeupe haziathiriki. Walipokwenda kuikata herufi kwa herufi kwa teknolojia ya CRISPR, ambayo ni kama mkasi wa vinasaba, wakakuta sehemu dhaifu kuliko zote ni pale inaposhika protini nyingine, GATA1. Kukata hapo tu kunatosha. Nakiri kwamba katika kazi zote za fani yangu nilizozisoma, hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Tiba uliyosoma habari zake ndiyo hiyo. Inaitwa Casgevy, Uingereza iliiidhinisha tarehe 16 Novemba 2023 na Marekani tarehe 8 Desemba mwaka huohuo, kwa wagonjwa wa miaka 12 na kuendelea. Na hapa ndipo seli shina zinapoingia. Seli nyekundu haina kiini, kwa hiyo haina vinasaba vya kurekebisha, na hata ingekuwa navyo ingekufa baada ya miezi michache. Lazima urekebishe seli inayozizaa, ile ambayo James Till na Ernest McCulloch walianza kuithibitisha Toronto mwaka 1961: seli moja ya uloto, ule ute wa ndani ya mifupa, inayoweza kuzaa aina zote za damu na papo hapo kujizaa yenyewe. Seli hizo huzaliwa mara moja tu, katika ukuta wa mshipa mkuu wa kiinitete, wiki ya nne au ya tano tangu kutungwa mimba, pale ambapo baadhi ya seli za ukuta wa mshipa hubadilika umbo, hujitenga na kuingia katika mkondo wa damu. Kutoka hapo huenda kwenye ini, huongezeka humo, na kabla ya kuzaliwa huhamia ndani ya mifupa. Zilizomo mifupani mwa bibi leo ni wajukuu wa zile zilizojitenga kabla mama yake hajawa na uhakika kwamba ana mimba.

Katika tiba hiyo mgonjwa hupewa dawa ya kuzitoa seli shina mifupani ziingie katika damu, kisha huchujwa kwa mashine. Hupelekwa maabara, ile swichi hukatwa, hupimwa na kugandishwa. Mgonjwa hupewa busulfani, dawa kali ya kuua seli zilizobaki ndani ya uloto ili nafasi ipatikane, halafu hurudishiwa seli zake kwa njia ya mshipa, nazo hutafuta njia yao wenyewe hadi mifupani. Katika wagonjwa 31 waliofuatiliwa kwa muda wa kutosha kufikia idhini ya Marekani, 29 walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu.

Maskati_Unguja amejibu:

Dada, Mola amponye mtoto. Mimi nimezaliwa Unguja na nafanya kazi katika maabara ya damu hapa Maskati, na ningependa kuongeza jambo moja juu ya yale aliyosema ndugu mtafiti. Jeni ya S inayopatikana hapa Oman haina asili moja. Mazingira ya vinasaba yanayoizunguka hutofautiana: ipo ya aina inayoitwa ya Kiarabu na Kihindi, na ipo ya aina inayoitwa ya Kibantu, ambayo ilifika hapa kwa sababu ya uhusiano wa karne nyingi kati ya Oman na pwani ya Afrika Mashariki. Wagonjwa wenye aina ya Kiarabu na Kihindi hubakiwa na himoglobini ya kijusi zaidi kwa wastani, na wengi wao hali yao huwa nyepesi kiasi. Wenye aina ya Kibantu hubakiwa na kidogo. Kosa ni lile lile, herufi ileile, lakini jirani zake zinaamua gama ifungwe kwa nguvu kiasi gani. Kwa hiyo usimlinganishe mwanao na mtoto wa mtu mwingine unayemsikia mtandaoni.

MuuguziKilifi amejibu:

Mama, mimi ni muuguzi wa kliniki ya watoto Kilifi, Kenya. Nitajibu lile la unga kwanza kwa sababu linahusu pesa yako ya mwezi huu. Seli shina ya damu ni kiumbe hai. Nje ya mwili huhifadhiwa ikiwa imegandishwa kwa baridi kali ya naitrojeni, na ikiachwa ikauke inakufa. Hakuna seli hai ndani ya pakiti ya unga iliyokaa dukani, na hata ingekuwamo, haina njia ya kutoka chini ya ulimi hadi ndani ya mfupa. Zaidi ya hayo, seli za kiumbe mwingine zinazoingia katika damu ya mtu bila kulinganishwa hushambuliwa na kinga ya mwili. Mrudishie jirani pakiti zake kwa heshima, kwani naamini naye amedanganywa, lakini usilipe hata senti.

Kuhusu tiba ya Casgevy, sitaki ukae ukiisubiri. Bei yake ilipotangazwa Marekani ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, mwanao hajafikia umri, na ile busulfani inaweza kuondoa uwezo wa kuzaa. Jambo jingine ambalo wazazi hawaambiwi: hurekebisha seli za damu tu, kwa hiyo mtu aliyetibiwa bado anaweza kumrithisha mtoto wake jeni ya S. Njia nyingine ya seli shina ni kupandikizwa uloto wa ndugu anayelingana naye. Kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana. Kwenu Tanzania Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imekwisha kufanya upandikizaji huo kwa watoto wenye selimundu. Kwa kuwa unaye mtoto wa kwanza, uliza kama inafaa wapimwe, ingawa nao si uamuzi mwepesi na una hatari zake.

Lakini ipo dawa unayoweza kuianza sasa, nayo hufuata njia ileile ya kufungua gama, ila bila kukata kitu. Inaitwa haidroksiyurea. Huzipunguzia kasi zile seli zinazozaliwa na seli shina na kugawanyika upesi ndani ya uloto, na zinapojijenga upya seli nyekundu zinazotoka huwa na himoglobini zaidi ya kijusi. Kulikuwa na hofu ya miaka mingi kwamba haifai katika nchi zenye malaria. Utafiti uitwao REACH uliifuatilia kwa watoto 606 wa Luanda, Kinshasa, Mbale na hapa Kilifi, wenye umri wa mwaka mmoja hadi kumi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, vifo vilipungua, na malaria yenyewe ikapungua. Ninawakumbuka watoto waliokuwa wakija kwetu kila mwezi wakiwa wamebebwa mgongoni, ambao sasa huwaona wakija kuchukua dawa wakiwa wamevaa sare za shule. Mtoto anaweza kuianza tangu miezi tisa. Ni lazima apimwe damu mara kwa mara, kwa sababu ikizidi hushusha seli nyeupe. Aendelee pia na penisilini yake kila siku hadi angalau miaka mitano, asidi ya foliki, kinga ya malaria, na ujifunze kuipapasa bandama yake upande wa kushoto chini ya mbavu. Ikivimba ghafla naye akapauka, usingoje asubuhi.

MamaWaMbagala amejibu:

Nimelia nikisoma, lakini si kwa uchungu. Pakiti nimezirudisha jana jioni. Nina swali moja la mwisho kwa ndugu mtafiti, kisha tunakwenda kliniki Alhamisi. Je, seli shina za mwanangu zilizokuwa zikitengeneza damu ya tumboni ni hizi hizi zinazotengeneza damu ya sasa, au zile zilikufa zikaja nyingine?

MtafitiVinasaba amejibu:

Ni ukoo uleule, mama. Kilichobadilika ni taratibu zilizomo ndani yake. Katika seli za kijusi kuna protini iitwayo LIN28B. Ujumbe wa kutengeneza BCL11A huwa umekwisha kuandikwa hata wakati huo, lakini LIN28B huushika ujumbe huo na kuzuia usisomwe. Mtoto akikua LIN28B hutoweka, ujumbe unasomwa, BCL11A inatengenezwa, na gama inafungwa. Kundi moja la watafiti wa Boston lilieleza hivyo mwaka 2020. Kwa hiyo unaweza kumwambia bibi kwamba aliyefunga mfereji naye alikuwepo tangu tumboni, ila alikuwa ameshikwa mkono.

Kwa ajili ya Alhamisi: ikiwa daktari atakubali kuanza haidroksiyurea, mwombe kiwango cha himoglobini ya kijusi kipimwe na kuandikwa kwenye kadi kabla ya dozi ya kwanza. Katika umri wa miezi kumi na minne mwanao bado anayo kiasi, maana kwa watoto wenye SS hushuka taratibu kuliko kwa wengine, na bila namba ya mwanzo hamtajua baadaye ni kiasi gani kimeletwa na dawa na kiasi gani alikuwa bado nacho tangu tumboni.

MaabaraMwanza amejibu:

Na kama ameongezewa damu katika miezi mitatu iliyopita, mweleze mhudumu wa maabara kabla hajachomwa sindano, kwa sababu damu ya mtu mwingine itaishusha hiyo namba na kuwapotosha.

MamaWaMbagala amejibu:

Aliongezewa mara moja, akiwa na miezi tisa. Nimeiandika tarehe nyuma ya kadi.